Kawia Ufike: Ukimya wa Njiani katika Muziki wa Masafa Marefu

Methali ya "Kawia ufike" ni fupi hata wengi huipita bila ya kuitafakari. Haikusema "Chelewa ufike". Kuchelewa, kwa asili ya neno, ni kukutwa na kucha: msafiri alinuia kuondoka usiku, alfajiri ikamkuta bado kitandani. Aliyechelewa amekwisha kupitwa na wakati wake. Aliyekawia hakupitwa, yumo njiani, na anayemngoja ajua kuwa yumo njiani. Lugha imeyatenga mambo mawili ambayo mafundi wa mitambo huyatia kapu moja, na mpambanuo huo ndio unaohitajika katika kuihakiki sanaa ambayo imekuwa ikikua duniani kwa muda wa miaka ishirini na ushei: ya watu kuimba na kupiga ala kwa pamoja, kwa wakati mmoja, ilhali wako miji mbalimbali na wameunganishwa na mtandao tu. Kwa miaka mingi swali lililoulizwa juu ya sanaa hiyo lilikuwa ni jinsi gani ukawiaji wa sauti uondolewe. Swali la pili, lililo zito kuliko la kwanza, ni jinsi gani utungiwe.

Hakuna sauti isiyokawia. Hewani sauti hwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wapigaji wawili waliokaa mita 10 mbalimbali, kila mmoja humsikia mwenzake baada ya sehemu 29 hivi za elfu moja ya sekunde. Katika kadiri hiyo ndipo wapigaji walio wengi huanza kuona taabu ya kushikana mapigo. Mwaka 2004 Chris Chafe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lililo jepesi kueleweka: watu wawili waliwekwa vyumba viwili, wakapewa makofi ya kupishana, na sauti ya kila mmoja ikakawizwa kabla ya kumfikia mwenzake. Ukawiaji ulipokuwa mkubwa, makofi yalizidi kupoa, kwani kila mmoja alimngoja mwenzake, naye mwenzake akimngoja yeye. Ulipokuwa mdogo mno, karibu na sufuri, walianza kukimbizana. Kumbe hata ukaribu uliopindukia una kasoro yake. Ngoma hutulia pale panapokuwa na nafasi ya mita chache baina ya wapigaji, kama nafasi ya watu waliokaa duara.

Ili jambo hili lisibaki hewani, na lipewe mahali. Kata ya Itaka imo wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Ni nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa, isiyo mbali na mpaka wa Tunduma unaotazamana na Zambia. Jina lake limefanana, kwa sadfa tu, na la kisiwa cha Ithaca, ambako Odysseus wa Homer alikawia kufika kwa miaka kumi baada ya vita kwisha. Toka Itaka hadi mji wa Unguja, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 700. Lau sauti ya mwimbaji ingesafiri hewani na isife, ingechukua zaidi ya nusu saa. Lakini nuru ndani ya mkongo wa mawasiliano hwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Hata njia ikizunguka ikawa kilomita 1,000, safari ni sehemu 5 za elfu ya sekunde, muda ambao sauti hewani haijamaliza mita mbili. Kwa hesabu ya nuru, basi, mwitikiaji wa Itaka yu karibu na mwimbaji wa Unguja kuliko mpiga fidla wa safu ya nyuma katika kundi hilohilo la taarab.

Hesabu hiyo ni ya nuru, si ya watu. Kabla ya mikongo ya baharini ya SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 kufika katika mwambao huu, mawasiliano mengi ya intaneti baina ya Afrika Mashariki na ulimwengu yalipandishwa hadi setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kisha yakateremshwa, safari ya karibu robo sekunde kwa upande mmoja. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulifika Tunduma na kuungana na Zambia. Hata hivyo kati ya mkongo na kinywa cha mwimbaji kuna mnara wa simu, foleni ya data, programu inayoibana sauti na kuifungua, na simu yenyewe ya mkononi. Kila kimoja hutoza ushuru wake wa muda. Ushuru huo ukijumlishwa, ile robo sekunde ya setilaiti huweza kurejea ikiwa imevaa nguo nyingine.

Na ichukuliwe kuwa robo sekunde hiyo ni thabiti, haiongezeki wala haipungui. Wakijaribu kuimba kwa pamoja, sauti moja, mambo huharibika mara moja: Itaka wakiufuata mdundo wa Unguja, kwao Itaka wimbo umeshikamana barabara, lakini Unguja sauti yao huwasili nusu sekunde nyuma ya mdundo uliowaongoza. Basi waache kuimba pamoja, waitikiane. Mwimbaji yuko Unguja, waitikiaji wako Itaka. Mwimbaji amaliza ubeti. Robo sekunde baadaye mwisho wa ubeti wawasili Itaka, na waitikiaji, ambao ni hodari, wadaka papo hapo. Kwa wasikilizaji waliokaa Itaka hapana pengo lolote: ubeti umekwisha, kiitikio kimeanza. Kiitikio hicho chafika Unguja baada ya robo sekunde nyingine. Kwa aliyeko Unguja, basi, nusu sekunde ya ukimya imepita baina ya ubeti na kiitikio. Sasa waitikiaji wamaliza. Mwimbaji naye, aliye hodari vilevile, aanza ubeti wa pili mara tu mwisho wa kiitikio unapomfikia. Unguja hapana pengo. Lakini Itaka, baada ya kiitikio chao wenyewe, wamekaa nusu sekunde kimya wakimngoja.

Yaani kila upande husikia ukimya baada ya sauti yake mwenyewe, wala hausikii kamwe ukimya baada ya sauti ya mwenzake. Kila mmoja hujiona mwepesi na humwona mwenzake mzito. Hakuna aliyesita, na kila mmoja ana ushahidi wa masikio yake kwamba mwenzake amesita. Msikilizaji aliye katikati ya njia, mathalani Iringa, angesikia mapengo mawili yaliyo sawa, robo sekunde hapa na robo sekunde pale, asimlaumu yeyote. Lakini onyesho halifanyiki Iringa.

Msomaji wa pwani hana haja ya kufafanuliwa jambo hili linafanana na nini. Kuna maneno ya zamani ambayo pwani imeyasema juu ya bara, kwamba watu wake ni wazito wa kufahamu, na kuna ambayo bara imeyasema juu ya pwani, kwamba watu wake wana maringo na hawajibu mpaka wapende. Haidaiwi hapa kwamba hukumu hizo zilitokana na mitambo. Linalodaiwa ni kuwa muziki wa masafa marefu umelipa umbo la kusikika kosa ambalo watu hulifanya hata pasipo muziki: kuuhesabu muda wa njia kuwa ni tabia ya aliye mwisho wa njia. Mtungaji anayeutumia ukawiaji kwa ubunifu huanzia hapo. Huichukua ile nusu sekunde ya Unguja akaitia pigo moja la dumbak, na ile ya Itaka akaitia kofi. Pigo hilo la dumbak, ambalo Unguja limeuziba ukimya, Itaka husikika likiandamana na mwanzo wa kiitikio. Upande mmoja ni daraja, upande wa pili ni pambo. Pamefanyika nyimbo mbili kwa wakati mmoja, moja huku na moja kule, na zote mbili ni sahihi.

Washairi wa Kiswahili hawakuletewa sanaa hii na mtandao. Mwanzoni mwa karne ya 19, siku za uhasama baina ya Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana mashairi na washairi wa Lamu, miji iliyotengwa na kilomita 240 hivi. Shairi lilichukuliwa na chombo, au na kifua cha mtu aliyelihifadhi, na jibu likaja kwa njia hiyohiyo siku ambayo upepo uliruhusu. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923 na kutoka kila mwezi, liliwapa washairi uwanja wa karatasi: aliyeuliza mwezi huu hakutaraji jibu kabla ya mwezi ujao. Baada ya mwaka 2013, WhatsApp ilipoanza kupeleka ujumbe wa sauti, malumbano ya mbali yalipata tena koo na pumzi. Katika zama zote hizo mlumbi alikaa na ukimya uliofuata sauti yake. Kilichomzuia asidhani amepuuzwa ni umbo. Jibu, likifika, lilikuja kwa bahari ileile, mizani ileile, na aghalabu kwa vina vilevile, likalichukua neno la mwulizaji na kuligeuza. Vina vilikuwa ni stakabadhi. Vilimthibitishia mtunzi kwamba sauti yake ilifika nzima, na kwamba muda uliopita ulitumiwa kumjibu yeye, si mwingine.

Si kila kuitikiana kunastahimili hayo. Kibati cha Pemba, ambacho watu hujibizana kwa maneno ya kubuni papo hapo juu ya mdundo wa mbio, utamu wake wote umo katika kudaka neno la mwenzio kabla halijapoa. Nusu sekunde katika kibati ni kushindwa. Basi anayesema kwamba jadi zetu zote ziko tayari kwa mtandao amezisifu kwa jambo asilozichunguzia. Kuna jadi zinazotegemea zamu, na kuna zinazotegemea kuwahi. Zile za kwanza tu ndizo zinazovuka.

Hapa ndipo pa kulipima lile neno "thabiti" lililochukuliwa kuwa kweli hapo juu. Mwambao uliishi kwa ukawiaji wa miezi. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarejea na kusi, na barua iliyotoka Unguja kwenda Maskati haikutarajiwa kujibiwa kabla pepo hazijageuka. Muda huo ulikuwa mrefu lakini ulikuwa mwaminifu. Mikopo, ndoa na safari zilipangwa juu yake, na aliyejua kuwa jibu litakuja na kaskazi hakupiga ramli kila asubuhi. Ukawiaji wa mtandao aghalabu hauko hivyo. Neno moja huweza kufika baada ya sehemu 60 za elfu ya sekunde, la pili baada ya 300, la tatu lisifike. Hili ndilo linaloua wimbo, si urefu wa njia. Programu za sauti zimelijua zamani: huyaweka yanayowahi katika ghala ndogo yakingoja yanayokawia, kisha huyatoa yote kwa mwendo mmoja. Yaani hununua uthabiti kwa kuongeza ukawiaji. Mwanamuziki anayelilalamikia ghala hilo na kutaka lipunguzwe mpaka liishe hupewa alichokiomba, pamoja na sauti iliyokatikakatika.

Chafe huyohuyo, pamoja na msanii Greg Niemeyer, aliufanya uthabiti huo na ukosefu wake usikike. Katika kazi yao iitwayo Ping, iliyowekwa mwaka 2001 katika jumba la sanaa za kisasa la San Francisco, muda wa safari ya kwenda na kurudi baina ya kompyuta zilizo mbalimbali ulifanywa kuwa kama urefu wa uzi wa ala: njia fupi ilitoa sauti nyembamba, njia ndefu sauti nene, na njia iliyoyumba iliiyumbisha sauti. Ni kazi ya uaminifu, kwani haikuuremba mtandao. Iliutia masikioni jinsi ulivyo. Upungufu wake ni kwamba ndani yake hamna mtu anayemwita mwenzake. Ni ala iliyokwisha kulinganishwa nyuzi na bado inamngoja mwimbaji.

Njia ya kuitikiana, basi, ni moja. Ya pili ni njia ya mzunguko, na mfano wake bora wa kale uko Buganda. Amadinda ni marimba ya vipande 12 vya mbao; wapigaji wawili hukaa wakielekeana na kila mmoja hutia pigo lake katikati ya mapigo ya mwenzake. Sehemu ya kwanza huitwa okunaga, ya pili okwawula, na sikio la msikilizaji hutoa humo nyimbo ambazo hakuna kati yao anayezipiga peke yake. Ikiwa kila mmoja anapiga mara tano kwa sekunde, pigo la mwenzake lapaswa kuangukia moja ya kumi ya sekunde baada ya lake. Mtandao ukiongeza moja ya kumi hiyo tu, mapigo mawili hugongana na wimbo huzimika. Lakini ukawiaji ukirefushwa makusudi mpaka ukatimia mzunguko mzima, kila pigo hurudi mahali pake, ila ni pigo la mzunguko uliopita. Hivyo ndivyo ifanyavyo NINJAM, programu iliyotolewa na kampuni ya Cockos mwaka 2005: wapigaji hukubaliana mwendo na urefu wa mzunguko, na kila mmoja husikia walichokipiga wenzake katika mzunguko uliotangulia. Kwa mzunguko wa mapigo 16 yaendayo 120 kwa dakika, kila mtu huwasikia wenzake wa sekunde nane zilizopita, na ngoma imeshikamana.

Akili ya njia hii haina ubishi, na muziki unaozunguka, kama ulivyo mwingi wa Afrika, huipokea bila ya kulazimishwa. Ila ina bei yake. Mpigaji akipata wazo la ghafla, wenzake hulijibu yeye akiwa amekwisha kuliacha. Akinyamaza, kunyamaza kwake hujulikana baadaye. Wako pamoja, lakini hakuna anayeweza kumshtua mwenzake, na ngoma nyingi hunoga pale watu wanaposhtuana.

Njia ya tatu ni ya mwangwi. Mwalimu wake ni Pauline Oliveros, mpiga kodiani wa Marekani aliyefariki mwaka 2016. Tangu miaka ya 1960 alitumia kanda za kunasia sauti ili sauti yake imrejee ikiwa imekawia, naye akaipigia ile iliyorejea. Mwaka 1988 yeye na wenzake wawili waliteremka katika birika kubwa la maji, lililokuwa tupu, huko Fort Worden katika jimbo la Washington, ambamo sauti moja hukaa sekunde 45 kabla ya kufa, wakanasa muziki uliopigwa kwa subira hiyo. Baadaye alipofanya maonyesho ya mtandaoni na wanamuziki wa vyuo vya mbali, hakuuona ukawiaji kuwa ni kizuizi; ulikuwa ni birika jingine. Katika njia yake sauti huwa ndefu, hazina mdundo mkali, na hapana haja ya kujua nani alianza. Kwa mpenda ala ni neema. Kwa mpenda ushairi iko hasara, maana neno haliishi ndani ya birika. Konsonanti huyeyuka, vina hupandana, mizani haihesabiki. Shairi la Kiswahili likitiwa humo hubaki irabu tupu.

Kuna na njia ya nne, nayo ni kuuficha ukawiaji. Mwaka 2010 Eric Whitacre wa Marekani aliunganisha sauti 185 kutoka nchi 12 katika kwaya moja ya skrini, na mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, kwaya za namna hiyo zilienea. Kila mwimbaji aliimba peke yake chumbani akifuata mwongozo uliokwisha kurekodiwa, na fundi akazipanga sauti baadaye. Zilifariji watu waliofungiwa majumbani, na hilo si dogo. Ila kuimba pamoja hakukuwamo: ndani yake hakuna aliyemngoja mwenzake. Nyuso zimepangwa safu kwa safu, na hakuna hata mmoja anayemsikia jirani yake.

Kwa vipimo hivyo taarab ya Unguja nayo haina budi kupimwa bila ya upendeleo. Kundi kama Nadi Ikhwan Safaa, lililoasisiwa mwaka 1905, limerithi hazina mbili zisizofanana. Ya kwanza ni umoja wa fidla, ganuni, udi na kodiani zinazokwenda na lahani moja, kila ala ikiipamba kwa mtindo wake; hii haistahimili robo sekunde, na kuilazimisha ni kuivunja. Ya pili ni utaratibu wa mwimbaji, jibu la ala na kiitikio. Hii inastahimili, maana imejengwa juu ya zamu. Kwa hiyo anayetaka kuiunganisha Unguja na Itaka asizigawe fidla baina ya miji miwili. Kila upande uwe na ala zake kamili, na kinachovuka mtandao kiwe ni zamu. Liko pia jambo lisilovuka kabisa: kule kuinuka kwa msikilizaji akamwendea mwimbaji na kumtunza, pale neno lilipomchoma. Simu huweza kupeleka fedha, haiwezi kupeleka hatua zile kutoka kitini hadi jukwaani ambazo kila mtu huzitazama na kujiuliza neno lile lilimhusu nani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi halitoki kwa wanamuziki. Raia wa Itaka anaweza kuuliza: kwa nini udhaifu wa mtandao wangu uitwe sanaa? Msanii wa miji ya matajiri huuchagua ukawiaji, kwani njia nzuri anayo. Aliye kijijini huupokea bila ya kuulizwa. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limo katika mpambanuo uleule wa kukawia na kuchelewa. Ukawiaji thabiti ni mali ya mtungaji. Ule unaoyumba na kulikata neno katikati hauwezi kutungiwa na yeyote, awe wa mjini au wa kijijini. Sauti yake haikukawia, imechelewa, na wakati mwingine haikuja. Anayeusifu ukawiaji kwa jumla, bila ya kutaja upi, humpa udhuru mwenye mtandao mbovu na kumdhulumu mwimbaji. Sanaa hii haiwaombi wenye mitandao kasi kubwa pekee. Inawadai muda uleule, kila mara, hata kama ni mrefu.

Kati ya njia zote, ya kuitikiana ndiyo inayolistahiki shairi, kwa sababu huliacha neno lisikike zima, kisha humpa aliyelisikia nafasi ya kulijibu. Haitaki mtambo wa ajabu. Inataka mtungaji aujuaye urefu wa njia kama nahodha ajuavyo pepo, na aandikaye ubeti ambao neno lake la mwisho laweza kuubeba ukimya: neno linalozidi kukolea kadiri linavyongojewa. Inataka pia kiitikio chenye kina cha kukumbusha, ili aliyeko ng'ambo ajue ni ubeti upi uliojibiwa.

Na inataka kumbukumbu mbili. Onyesho la namna hii likirekodiwa Unguja tu, kizazi kijacho kitasikia waitikiaji wa Itaka waliokuwa wakisita kila mara. Likirekodiwa Itaka tu, kitasikia mwimbaji wa Unguja aliyekuwa akijivuta. Fundi akizichanganya rekodi na kuyaziba mapengo, kitasikia onyesho ambalo halikupata kusikiwa na mtu yeyote, popote. Zihifadhiwe zote mbili kama zilivyo, ya huku na ya kule, na msikilizaji azisikilize moja baada ya nyingine. Katika ya kwanza atamlaumu mmoja, na katika ya pili atamlaumu mwingine. Akiimaliza ya pili, airudie ya kwanza.